Wakwe Mlangoni pa Zahanati

Mwezi wa sita Ufipa si mwezi wa kuoga asubuhi. Upepo wa huku hauna aibu. Unapita juu ya nyasi, unapita chini ya mlango, unaingia mpaka ndani ya khanga. Mtu akikuambia ameoga alfajiri, mshike mkono. Ukiwa wa baridi, anasema kweli. Ukiwa wa moto, ametoka jikoni.

Asubuhi moja ya mwezi huo, siku ya Jumatatu, nilikwenda kwa shemeji yangu Wilibrodi kuomba moto. Wilibrodi ni mdogo wa marehemu mume wangu. Nyumba zetu zimetenganishwa na kihenge tu. Moto ulikuwapo kwangu, sitadanganya. Lakini moto haujibu ukiusemesha.

Uani nilimkuta Luciana akipepeta ulezi. Luciana ni mkamwana wa Wilibrodi na mkewe Coleta. Ameolewa na mtoto wao, Isdori. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila kijana mwenye miguu miwili alikuwa mfanyabiashara. Isdori alikuwa Kasesya, mpakani na Zambia, akiuza mitumba na sabuni.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Luciana. Alitaka kupiga magoti. Nilimzuia. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa malapa ya mumeo?"

"Yangu yananibana."

Niliinama nikatazama miguu yake. Ilikuwa imevimba. Nikabonyeza kwa kidole. Shimo likabaki pale pale, kama kidole kwenye ugali.

"Huyo ni dume," nilisema. "Dume huvimbisha mama yake."

Ndivyo tulivyoamini. Mjamzito akivimba, tulicheka, tukachagua jina la mtoto wa kiume. Mimi nilicheka pia. Ningejua, nisingecheka.

"Kliniki wanasemaje?" nilimwuliza.

"Wanasema salama."

"Nipe kadi niione."

Alisita. Kisha akaingia ndani, akaleta kadi. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Si elimu kubwa, lakini karatasi nyeupe naijua. Kadi ile ilikuwa na jina la Luciana, ambalo nesi alikuwa ameliandika siku alipopita nyumba kwa nyumba. Chini yake hakukuwa na kitu. Hakuna uzito, hakuna presha, hakuna tarehe.

"Luciana. Kila Alhamisi ya kliniki unaaga hapa na kadi mkononi. Unakwenda wapi?"

Aliweka ungo chini. Machozi yakamtoka.

"Nafika kwenye mikaratusi, mama mkubwa. Halafu narudi."

Mikaratusi ile iko hatua chache kutoka zahanati ya kijiji chetu cha Kilembwa. Ukisimama pale unaona mlango. Nilishangaa. Mwaka uliopita Luciana alijifungulia nyumbani, kabla ya siku zake. Mtoto hakulia. Tulimzika siku ile ile. Ukimwona mama wa namna hiyo anarudi nyuma hatua chache kutoka kwa nesi, ujue kuna simba njiani.

"Nani anakuzuia?"

"Hakuna anayenizuia. Ila baba yuko pale."

Baba aliyemtaja ni baba mkwe wake, Wilibrodi. Hapo nikaelewa. Nanyi sharti niwaeleze.

Miaka ile serikali ilisema wananchi wasimamie zahanati zao wenyewe. Kila zahanati iwe na kamati. Sisi tulichagua wazee watano, wote wanaume, na Wilibrodi akawa mwenyekiti. Sisemi walikuwa wabaya. Walikuwa wazee wazuri kweli. Walisukuma halmashauri mpaka bati zikaja. Dawa zilipofika, walihesabu kila kopo mbele ya watu. Tangu waingie, hakuna kidonge kilichotoroka kwenda dukani.

Lakini walipenda kukutana Alhamisi asubuhi, kwenye kibaraza cha zahanati. Walisema kamati iwe karibu na wananchi. Tena kibaraza kile hupata jua mapema, na mzee wa Ufipa mwezi wa sita huenda liliko jua, kama mjusi. Basi wakaweka benchi lao mlangoni, chini ya dirisha. Na Alhamisi ndiyo siku ya kliniki ya wajawazito.

Kwetu mkamwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Mkamwana akimkuta, hupiga magoti, hutazama chini, hupiga makofi taratibu na kusalimu. Na tumbo lake hulificha.

"Nifike pale nipige magoti mara tano na tumbo hili?" alisema Luciana. "Hayo bado madogo. Nikiingia, nesi ataniuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Ataniuliza yule mtoto alikufaje. Dirisha halina kioo, na baba amekaa chini yake. Atasikia yote. Kesho nitampikiaje ugali?"

Nikasikia ndoo inatuliwa nyuma yangu. Coleta alikuwa ametoka kisimani, na alikuwa amesikia kila neno.

"Miezi yote hii nakuuliza, unanijibu salama," alisema Coleta. Hakufoka. Aliketi juu ya kinu kama mtu aliyechoka ghafla. "Nimeshazika mjukuu mmoja, Luciana. Sitaki wa pili."

Jioni ile Coleta alimweleza mumewe. Wilibrodi alishangaa.

"Mimi namzuia nani?" alisema. "Mlango uko wazi. Sisi tupo pale kuwasaidia."

Jumanne kamati ilitangaza jambo. Kwa kuwa wanawake hawafiki kliniki, kila nyumba yenye mjamzito asiyefika italipa faini ya debe la mahindi. Na ili pasiwe na ubishi, wazee watano watakaa mlangoni na daftari, waandike kila anayeingia.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Walitaka kuku waingie bandani, wakaongeza mbwa mlangoni.

Jumatano mchana nilikwenda kwa nesi. Jina lake Debora, kwao Singida. Alikuwa na miezi minane tu kijijini kwetu. Nilimkuta anachemsha vyombo.

"Shikamoo, bibi. Unaumwa nini?"

"Naumwa udadisi. Alhamisi iliyopita walikuja wajawazito wangapi?"

"Wanne," alisema Debora. "Na kijiji hiki kina zaidi ya thelathini. Bibi, nimefanya nini kwa watu hawa? Nadhani wananidharau. Wengine nawaona kwa macho yangu kule kwenye mikaratusi. Wanasimama, wananitazama, wanaondoka."

"Hawakutazami wewe. Wanatazama benchi."

Nikamweleza habari za wakwe. Debora aliweka koleo chini.

"Lakini wazee wale si wakwe wa kila mtu."

"Mwanangu, kijiji hiki ukirusha jiwe linampiga mkwe wa mtu. Wana watoto wa kiume ishirini na wawili wazee wale, na wote wameoa. Na mdogo wa baba mkwe ni baba mkwe. Na rafiki yake wa kilabuni naye ni baba mkwe. Hesabu mwenyewe."

Debora alitazama dirisha lake lisilo na kioo.

"Na mimi nauliza kwa sauti," alisema polepole. "Nilifundishwa kuuliza vizuri ili mgonjwa aelewe. Kumbe namuuliza mbele ya baba yake." Alijifuta mikono kwa aproni. "Bibi, kosa hili ni langu pia. Nilipofika hapa niliwauliza wazee kama kuna tatizo. Sikuwauliza wanawake."

Nilimpenda siku ile. Msomi anayesema "kosa ni langu" si wa kila siku. Nikamwambia habari za Luciana na miguu yake.

"Kichwa kinamuuma?" aliuliza haraka. "Uso umevimba? Anaona ukungu, au vimulimuli machoni?"

"Hapana. Miguu tu."

"Miguu peke yake inaweza kuwa ya kawaida. Lakini huwezi kujua kwa macho. Lazima nimpime presha na mkojo. Kesho asikose. Na hizo dalili nyingine zikitokea hata saa hii, mlete bila kungoja."

"Na kamati?"

"Sitaki kugombana na kamati, bibi. Bila wao zahanati hii ingevuja."

"Hakuna atakayegombana," nilisema. "Wataheshimiwa tu."

Jioni nilizunguka kijiji. Kwetu mkwe ni mkwe pande zote mbili. Mwanaume naye hamkaribii mama mkwe wake. Akimwona njiani, hupinda, hata kama kupinda ni kuingia kwenye miiba. Basi nikaanza kwa Bibi Zita, mama yake Coleta, ambaye ni mama mkwe wa Wilibrodi. Umri wake umepita sabini, macho hayaoni vizuri, lakini ulimi haujazeeka.

"Kukaa tu?" aliuliza Bibi Zita. "Kwenye jua? Na nitapewa uji?"

"Uji wa ulezi, kikombe kikubwa."

"Basi hata wiki nzima nitakaa."

Nikawapata wengine wawili. Wa nne nilikuwa mimi mwenyewe, maana Baltazari, mjumbe wa kamati, ameoa binti yangu. Mjumbe wa tano mama mkwe wake alishafariki. Tukamchukua dada wa marehemu, naye ni mama mkwe kamili.

Bibi Zita hawezi kutembea mbali. Nikaenda kwa Mama Mboje kuazima mkokoteni wa ng'ombe. Mama Mboje ni Msukuma. Wao walikuja na mifugo kutoka Shinyanga, wakajenga kule bondeni. Nilipomweleza sababu, alipiga paja lake.

"Kumbe na nyie?" alisema. "Sisi tulidhani zahanati ile ni ya Wafipa, ndiyo maana wamekaa mlangoni. Kwetu hata jina la baba mkwe silitamki. Mkokoteni utaupata, na nitaswaga ng'ombe mwenyewe. Jambo hilo nataka kuliona."

Alhamisi jua lilipochomoza, mama wakwe watano tulikuwa kwenye benchi la kamati. Tumejifunga khanga zetu nzuri, vikombe vya uji mikononi. Tulipendeza kama picha.

Saa tatu kamati ikaja. Wilibrodi mbele, na koti lake refu na daftari kwapani. Walifika kwenye mikaratusi. Baltazari akaniona. Akasimama kama aliyekanyaga moto. Wilibrodi akamwona Bibi Zita. Akageuka akatazama mti, tena kwa makini, utadhani hajawahi kuona mkaratusi.

Debora alitoka nje.

"Wazee wangu, karibuni! Mkutano ni saa tatu, na sasa ni saa tatu na robo!"

"Tunakuja," alijibu Wilibrodi, akiutazama mti. "Tuna udhuru kidogo."

"Mlango uko wazi!" nilimwambia kwa sauti. Shemeji ni mtani wangu, hawezi kunikasirikia. "Nani anawazuia? Sisi tupo hapa kuwasaidia!"

"Shemeji Redempta," alisema, "hebu waondoe wazee hao."

"Wamekaa karibu na wananchi. Na tunalo daftari. Asiyefika leo ataandikwa. Debe la mahindi, si ndivyo?"

Bibi Zita aliinua kikombe chake. "Huyo anayeongea ni mkwe wangu?" aliuliza. "Mwambieni apite. Mimi sioni vizuri."

Wanawake waliokuwa nyuma ya mikaratusi walianza kucheka. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Walikuwa wamekuja, kama kila Alhamisi, na kadi zao ndani ya khanga, na walikuwa wamesimama pale pale walipokuwa wamesimama wazee. Wanawake na kamati yao, mahali pamoja, wameshindwa hatua zile zile.

Wilibrodi si mjinga. Alitazama benchi, akatazama chini alipokanyaga. Kicheko kilikoma, kwa kuwa uso wake ulibadilika.

"Coleta," alimwita mkewe, aliyekuwa kati ya wanawake wale, bila kugeuka. "Wanaishia hapa?"

"Hapa hapa, baba Isdori."

"Na mkamwana wangu? Ameingia mara ngapi?"

"Hata mara moja."

Wilibrodi alivua kofia.

Wakati huo Luciana alikuwa anatoka kati ya miti, ameshikwa mkono na Mama Mboje. Nilisimama. Utani wote ukaniisha. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yamekuwa madogo.

"Kichwa kinapasuka tangu alfajiri," alisema. "Naona kama vipepeo."

Alipita mbele yetu, akaingia. Debora alitaka wabaki wawili tu, lakini Luciana alimshika Coleta aliyemfuata.

"Naomba mama abaki."

"Atabaki," alisema Debora. Akachukua khanga yangu ya pili, akaifunga dirishani. Sauti yake ilishuka mpaka tulioketi nje hatukusikia neno. Tulisikia tu pampu ya kipimo cha presha. Fyu, fyu, fyu. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Alipotoka, alizungumza taratibu, kwa maneno mepesi, ili kila mmoja aelewe.

"Presha yake imepanda sana. Na mkojo wake si mzuri. Hizi ni dalili za kifafa cha mimba. Bado hajaanguka, lakini anaweza kuanguka wakati wowote. Akianguka, tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Hakuna mtu aliyemroga, na haina uhusiano na mtoto wa kiume wala wa kike. Dawa yake kubwa ni kuwahi. Anatakiwa Sumbawanga, hospitali, leo hii."

"Ingeonekana mapema?" aliuliza Coleta.

Debora alimtazama. Hakutaka kumwumiza, wala hakutaka kumdanganya.

"Ndiyo, mama. Tunapima kila mwezi kwa ajili hiyo."

Nilikwenda mpaka kwenye mikaratusi kumwambia shemeji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua koti lake refu, akanipa.

"Mfunike. Usimwambie ni la nani."

"Atalijua, shemeji. Kijiji kizima kinalijua."

"Basi mwambie limeazimwa."

Tulimlaza Luciana kwenye mkokoteni, juu ya nyasi kavu, kwa ubavu wa kushoto, kama Debora alivyoagiza. Ng'ombe wa Mama Mboje wanahitaji mtu wa kuwaongoza mbele wakiwa kwenye njia mbaya, na njia ya kwenda barabara kuu ni mbaya. Kabla hatujauliza nani, Wilibrodi alikuwa ameshika kamba.

Alitembea saa mbili na shati moja, katika upepo ule. Hakugeuka hata mara moja. Mkamwana alikuwa amelala, hajajistiri vizuri, na baba mkwe hawezi kutazama. Basi aliuliza kwa mgongo.

"Shemeji, anapumua?"

"Anapumua."

Hatua ishirini.

"Na sasa?"

"Bado anapumua, shemeji. Tazama mashimo."

Aliona kila shimo. Mkokoteni haukuruka hata mara moja. Nimepanda magari yenye matairi manne ambayo hayakuendeshwa vile.

Barabarani tulipata lori linalotoka Kasesya na mizigo. Wilibrodi alisimama katikati ya barabara, mikono wazi. Dereva alifoka, kisha akaona mkokoteni, akamtoa abiria wake wa mbele. Luciana, Debora na Coleta wakaingia. Lori likaondoka. Wilibrodi aligeuka wakati huo tu, vumbi lilipokwisha kuwaficha.

Siku tatu hatukupata habari. Simu hazikuwapo. Kila lori lililopita, Wilibrodi alilisimamisha. Siku ya nne akashuka Debora mwenyewe, amechoka, anacheka.

"Amepasuliwa," alisema. "Mama mzima. Mtoto mdogo kama mkate, lakini analia hospitali nzima inamjua. Wa kike."

"Dume lako hilo, Redempta," alisema Bibi Zita.

Nilikubali kuchekwa. Nilistahili.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji. Wilibrodi aliuitisha yeye mwenyewe. Alisimama mbele ya watu wote.

"Kamati yangu ilileta bati," alisema. "Mnajua. Lakini tulijenga paa, tukaziba mlango kwa migongo yetu. Faini tunaifuta leo. Sasa nataka kuwasikia wale wanaotumia zahanati. Sisi wazee tunakwenda pale tukiumwa kiuno tu."

Mwanzoni wanawake walinyamaza. Walizoea kunyamaza. Debora akasimama.

"Mimi ni mtumishi wenu," alisema. "Najua dawa. Najua kupima. Lakini mila zenu sizijui, na nisipozijua nitawaumiza bila kukusudia. Niambieni, nami nitawaambia lipi linawezekana na lipi ni hatari. Tukubaliane."

Hapo midomo ikafunguka. Mama mmoja alitaka dirisha lizibwe. Mwingine alitaka aingie na mama yake au mama mkwe wake wakati wa uchungu. Debora alisema inawezekana, mtu mmoja, mwenye mikono safi. Mimi nilitaka mzazi apewe uji wa ulezi wa moto akishajifungua, maana chai ya rangi haijengi damu. Alikubali. Mkunga wetu mmoja wa zamani aliomba aendelee kuzalisha nyumbani kama zamani. Debora alikataa, kwa adabu lakini bila kuzunguka.

"Hapo hapana, bibi. Nyumbani hakuna kipimo cha presha. Lakini njoo nao. Wewe wanakuamini. Uwasindikize, ukae nao, uwatie moyo. Mimi na wewe tushirikiane."

Bibi yule alifikiri. "Na nitapata uji?" aliuliza. Tukacheka, shauri likapita.

Mama Mboje alisema watu wa bondeni hawajui Kifipa, wengine hata Kiswahili kinawapa shida, na wakija wanasemeshwa kama viziwi. Akaomba kamati iwe na mtu wao. Baltazari, mkwe wangu, ndiye aliyeunga mkono kwanza. Alisema ng'ombe waliookoa maisha hawakuuliza kabila. Nilijivunia binti yangu alivyochagua.

Ikaamuliwa kamati ikutane Jumatatu, siyo siku ya kliniki, katika ofisi ya kijiji. Nusu ya wajumbe wawe wanawake. Kila miezi mitatu isimame mbele ya mkutano na kueleza ilichofanya, na wananchi waulize. Wakaanza kupiga kura. Mama Mboje akapita. Kisha wanawake wakanong'onezana, na mmoja akasema:

"Tunamtaka Luciana."

Luciana alikuwa nyuma, mtoto kifuani. Alishtuka. Watu wakageuka kumtazama Wilibrodi, maana kila mtu aliona tatizo. Mkamwana hawezi kukaa meza moja na baba mkwe, akamjibu, akambishia. Mwenyekiti ni Wilibrodi. Mzee mmoja akasema, "Haiwezekani. Chagueni mwingine."

Wilibrodi aliinuka tena. Alisimama akiwa amewapa wanawake mgongo, kwa heshima.

"Kweli haiwezekani," alisema. "Yeye na mimi hatuwezi kukaa pamoja. Basi mmoja atoke. Yeye anaijua zahanati ile kuliko mimi. Ameijua kwa mwili wake. Mimi nimekaa vya kutosha."

Akaweka daftari la kamati mezani, akaenda kuketi chini na wananchi wengine. Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Kisha Luciana, kule nyuma, akapiga magoti na mtoto wake, akatazama chini, akapiga makofi taratibu, kama mkamwana anavyomsalimu baba mkwe. Wanawake wote wakamfuata.

Sasa Alhamisi benchi la kibarazani ni la wajawazito. Wakati mwingine Luciana huwa pale, anawaonyesha wageni mlango, anawauliza kama kichwa kinauma. Alhamisi ya kwanza walikuja wajawazito thelathini na mmoja. Wanane walitoka bondeni. Kadi zilimwishia Debora, akaandika kwenye karatasi za daftari la shule.

Njia fupi ya kwenda shambani kwa Wilibrodi inapita mbele ya kibaraza kile. Alhamisi hapiti hapo. Huzunguka kwa mtoni, na jembe begani, mlima wote ule. Juzi nilimkuta amekaa juu ya jiwe, anasugua magoti.

"Yanauma, shemeji?" nilimwuliza.

"Yanauma," alisema. "Lakini wao wanapita."